Natafuta foku ya mwendo mrefu kwa baiskeli ya milimani, magurudumu 26. Wazoefu wa Usambara, Ngong na ughaibuni njooni

#1 Mteremko_Tanga

Habari zenu wakuu. Nipo Lushoto, kazi yangu ni kuzungusha wageni milimani kwa baiskeli, na siku ambayo hakuna mgeni napanda mwenyewe. Baiskeli yangu ni ya mtumba: fremu ya aluminiamu ya 2011, magurudumu ya inchi 26, shokapu mbele na nyuma. Mbele ilikuja na foku ya RockShox Lyrik ya mwendo (umbali inaoweza kuzama) wa milimita 160, eksli ile nene ya milimita 20. Tumekaa nayo miaka minne kwa amani.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunashuka kutoka Magamba, mvua imetoka kunyesha, udongo mwekundu unateleza kama sabuni na mizizi imekaa wazi. Katikati ya mteremko breki ya mbele ikaanza kulia kama mbuzi anayepelekwa machinjioni, halafu ikaacha kushika kabisa. Kuangalia, mguu wa kushoto wa foku umelowa mafuta mpaka kwenye kalipa, ile inayobana diski ya breki. Kipande kilichobaki nilikimaliza kwa breki ya nyuma na soli ya kiatu, mgeni Mholanzi nyuma yangu anacheka akidhani namfanyia maonyesho.

Nilipoifungua nyumbani nikakuta bomba la juu la kushoto lina mkwaruzo mrefu kama kidole. Rangi ngumu ya juu imeliwa, chini yake pameng'aa peupe. Nikipitisha ukucha unakwama. Nimeshabadilisha sili mara mbili mwaka huu, sasa naelewa kwa nini hazikai.

Kwa hiyo nataka foku nyingine. Mfuko wangu ni milioni moja na nusu, nauli ya kuisafirisha ikiwa ndani. Kwa mahesabu ya kichwani naona RockShox Pike, Fox 36, Suntour Durolux au Marzocchi yoyote. Au nipande mpaka 180 kabisa? Mimi na begi langu tuna kilo 84. Nishaurini kampuni ipi.

#2 Kaptula

Milioni na nusu ya foku? Ongeza kidogo uchukue pikipiki ya mkononi, foku unapewa bure na injini juu yake.

#3 FundiSpoku_254

Mteremko, salamu kutoka Nairobi. Mimi ni fundi, na wateja wangu wengi ni hawa wa Karura na Ngong. Swali la kampuni liweke kando kwanza. Nimeona watu wengi wamenunua foku safi kabisa, ikafika, ikakataa kuingia kwenye fremu, sasa inauzwa tena kwa hasara. Fremu yako ndiyo inachagua, wewe unalipa tu. Nipe vipimo hivi:

Ndani ya shingo ya fremu, juu na chini, baada ya kutoa vikombe vinavyoshika beringi. Usikisie kwa macho, tafuta venia, kile kipimio cha milimita. Foku karibu zote nzuri za miaka hii zina mpini (bomba linalopita ndani ya shingo) unaonenepa kuelekea chini: juu inchi moja na moja ya nane, chini inchi moja na nusu. Shingo nyembamba ya milimita 34 haiwezi kuumeza huo mpini kwa dawa yoyote.

Urefu wa shingo yenyewe.

Urefu wa foku yako kutoka katikati ya eksli mpaka pale taji (kichwa kinachounganisha miguu miwili na mpini) linapokalia kikombe cha chini. Pima ikiwa imenyooka kabisa, hujakaa juu yake. Huu ndio urefu unaoamua baiskeli itasimama vipi, kuliko ile namba 160 iliyoandikwa kwenye stika.

Upana wa habu ya mbele.

Halafu kabla hujaizika hiyo Lyrik, kaza breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, weka kidole pale bomba la juu linapoingia ndani ya la chini. Ukisikia inacheza hapo, bushi za ndani ya bomba la chini zimekwisha. Weka tena kidole kwenye kikombe cha chini cha shingo. Ikicheza hapo ni beringi za shingo, na foku mpya haitaliponya hilo.

#4 DadaLami

Nafuatilia uzi huu kwa karibu. Mimi niko Arusha na nina 26 pia. Kila duka ninaloingia naambiwa 26 imekufa.

#5 Mteremko_Tanga

Nimeenda kwa fundi mchongaji, ana venia. Mimi nilikuwa naapa shingo yangu ni ile inayonenepa chini, kwa sababu ukiitazama ni nene. Kumbe: juu 44, chini 44. Ni bomba nene lililonyooka, na ndani yake mpini wa Lyrik ni ule wa zamani, mwembamba toka juu hadi chini.

Shingo ina milimita 120. Kutoka eksli hadi taji ni 545. Habu ni ya eksli 20, upana 110. Na bushi zinacheza, fundi. Kidole kimesikia. Shingo haina tatizo.

Kwa hiyo ndiyo basi? Mpini mnene hauingii?

#6 FundiSpoku_254

Wewe una bahati bana. 44 juu na chini ndiyo shingo nzuri kuliko zote kwa mtu mwenye foku iliyokufa. Chini unatoa hicho kikombe kinachojificha ndani ya fremu, unaweka cha kukaa nje. Kwa kuwa beringi iko nje ya fremu, inaweza kuwa kubwa ya kutosha kupokea mpini wa inchi moja na nusu. Ukienda kutafuta, andika EC44/40. Hizo 40 ni pale ringi ya taji inapokaa, chini ya mpini.

Lakini kuna bei yake, na si ya pesa. Kikombe cha nje kinainua mbele ya baiskeli. Chenyewe kina milimita 12 hivi. Ukitoa kile chembamba ulichonacho sasa, utakuwa umepanda kama 10. Iweke hiyo 10 kichwani, tutairudia.

Sasa foku. Pike ya 26 yenye mwendo wa 160 ina 542 kutoka eksli hadi taji. Ya 27.5 yenye mwendo uleule ina karibu 552. Tofauti ni nafasi ya gurudumu kubwa zaidi. Za 26 safi zimebaki chache sana, na muuzaji anajua kwamba unaitafuta. Za 27.5 zimejaa sokoni.

#7 DadaLami

Samahani fundi, gurudumu la 26 kwenye foku ya 27.5 breki itafika kweli? Niliambiwa dukani kwamba haifiki.

#8 FundiSpoku_254

Dada, aliyekwambia hivyo alikuwa anawaza breki za kubana rimu. Kwa hizo ni kweli, pedi zingebana tairi au hewa. Breki ya diski inapimwa kutoka eksli, na diski haijui rimu iko wapi. Gurudumu dogo kwenye foku ya kubwa linakaa vizuri, litabaki tu na nafasi nyingi juu ya tairi, matope yapite. Kinyume chake ndicho cha kuogopa: ukibana gurudumu la 27.5 kwenye foku ya 26, siku foku ikizama mpaka mwisho tairi linagonga taji, na hapo unaruka juu ya usukani.

#9 Msafiri_Freiburg

Mteremko, mimi ni mtu wa Moshi, sasa naishi Freiburg. Mlima wa hapa unaitwa Rosskopf na kuna njia inayoteremka kutoka juu inaitwa Borderline. Foku nimeua tatu.

Nichangie kwenye suala la hewa na springi. Springi ya chuma ni laini kuanzia mwanzo, haihitaji pampu, na sili zikianza kuchoka huoni tofauti haraka. Kwa kazi yako ya kila siku ingefaa. Lakini ni nzito zaidi, na springi moja ni ya uzito fulani wa mtu: mgeni wa kilo 60 akiazima baiskeli yako foku itakuwa ngumu, haizami. Kupata springi nyingine Lushoto ni ndoto. Ya hewa unaongeza na kupunguza kwa pampu ya mkononi, na tokeni za plastiki, vipande vya kupunguza nafasi ya hewa ndani, zinakusaidia isigonge mwisho unapotua kwa nguvu.

Marzocchi nakushauri uiache ingawa naipenda. Zile 66 za zamani zilikuwa na mafuta mengi yanayoogelea ndani ya miguu yote miwili, fundi yeyote wa pikipiki aliweza kuzihudumia. Lakini upande wa baiskeli wa Marzocchi ulinunuliwa na Fox mwaka 2015, na vipuri vya zile za Kiitaliano leo vinatafutwa kwa tochi. Durolux ya 26 yenye eksli 20 ingekuwa jibu rahisi kuliko yote: Suntour wanatengeneza dampa zao (sehemu ya mafuta inayotuliza mdundo) kama kitu cha kuchomoa na kuchomeka. Ukiiona safi, usisite. Mimi nimetafuta wiki nzima kwenye mitumba ya huku, nimeona mbili, na zote mkwaruzo ni kama wako.

#10 Kaptula

Yaani umetafuta wiki nzima foku ya mtu usiyemjua? Ulaya hakuna kazi?

#11 Msafiri_Freiburg

Theluji, ndugu yangu. Nimekaa ndani.

#12 Mbabe_wa_Mawe

Sioni mnachozunguka. Weka BoXXer ya taji mbili, milimita 200, maliza kazi. Usambara ni mawe, si Karura.

#13 FundiSpoku_254

Mbabe, fremu imeundwa kwa foku ya 545. Ukiinua mbele kwa milimita 20, pembe ya shingo inalala kama nyuzi moja hivi. BoXXer itainua zaidi ya hapo. Ukishuka utajisikia mfalme. Ukipanda Soni kwenda Lushoto gurudumu la mbele litakuwa linatangatanga kama mlevi, na kiti kimekutupa nyuma. Halafu foku ndefu ni wenzo: kila jiwe linavuta shingo ya fremu kwa nguvu zaidi ya ile iliyopigiwa hesabu kiwandani. Fremu ya 2011 tayari imekula mawe ya kutosha. Taji la pili nalo linagonga bomba la fremu kabla usukani haujakata kona kali, na zile kona za zigizaga unazijua.

180 nayo naikataa kwa sababu hizohizo.

#14 Mbabe_wa_Mawe

Basi angalau Fox 38 au ZEB. 35 ni njiti.

#15 Msafiri_Freiburg

ZEB na Fox 38 zina bomba za milimita 38, za Pike na Lyrik ni 35, na Fox 36 jina lake linasema lenyewe. Bomba nene halipindi ukikaza breki kwenye mawe, hilo kweli. Lakini mtu wa kilo 84 pamoja na begi, gurudumu la 26, alitoka kwenye 35 na hakulalamika kuhusu kupinda. Atalipia uzito na pesa kwa tatizo asilokuwa nalo. Zaidi ya hapo ZEB inaanzia diski ya 200 na yeye ana 180, kwa hiyo diski mpya nayo iingie kwenye bajeti.

#16 FundiSpoku_254

Turudi kwenye ile 10. Pike ya 27.5 ya mwendo wa 160 ni 552, jumlisha 10 za kikombe, ni 562. Ulikuwa na 545. Umepanda 17, karibu nyuzi moja. Si mwisho wa dunia lakini utaisikia kwenye kupanda. Sasa shusha mwendo uwe 150: ni 542 na 10, jumla 552. Umepanda 7 tu. Kwenye Pike ya hewa ya kawaida kushusha mwendo ni kubadilisha fimbo ya ndani ya upande wa hewa, ni kazi ya jioni moja na unafanya ukibadilisha sili. Ila kwepa zile zenye kitasa cha kupandisha na kushusha mwendo ukiwa njiani. Ndani yake ni kitu kingine kabisa.

Halafu hapa ndipo watu wengi wanakosea. Utadhani Pike ya zamani ndiyo itaelewana na habu yako ya zamani. Hapana. Pike za 2014 hadi 2017 nyingi ni eksli 15 upana 100. Habu yako ina 110, haiingii. Tafuta ile mpya ya Boost, eksli 15 upana 110. Hapo unachomeka bushi ndani ya habu, kutoka 20 kuja 15, na chini ya diski unaweka kipande cha milimita 5, kwa sababu kwenye Boost diski inakaa nje zaidi kwa kiasi hicho. Skrubu za diski ziwe ndefu kwa 5 vilevile. Ukitumia zilezile fupi zitashika nyuzi mbili tatu tu, na siku moja utaachwa na diski mkononi.

#17 Mzee wa Grisi

Wanangu mnaongea vizuri. Mimi nina neno moja la watu wa milima. Mtu anajaza foku Dar, anapanda basi hadi Lushoto, mita 1,400 juu, anasema foku imekuwa ngumu, anapunguza hewa ya springi. Siyo hiyo. Kuna hewa iliyonaswa kwenye bomba za chini tangu siku fundi alipozifunga kule pwani. Huku juu hewa ya nje ni nyepesi, ile ya ndani inasukuma. Penyeza taratibu kamba laini ya plastiki chini ya ulimi wa sili, ipumue, kisha itoe. Foku za bei kubwa siku hizi zina vitufe vya kazi hiyo nyuma ya miguu.

Na msipulize dawa za kutoa kutu kwenye sili kuzifanya zing'ae. Zinasukuma uchafu ndani na kuosha mafuta. Kitambaa kibichi kinatosha.

#18 Mteremko_Tanga

Mzee shikamoo, hilo la hewa limenigusa, nimelifanya kosa hilo mara kadhaa.

Wakuu nimepata tangazo: Pike ya Boost 27.5, picha zinang'aa, bei inaingia kwenye mfuko. Muuzaji anasema mpini umekatwa na kubaki milimita 165. Nimtumie pesa?

#19 FundiSpoku_254

USITUME. Shingo 120, kikombe cha chini 12, cha juu kama 8, stemu yako (ile inayoshika usukani juu ya mpini)?

#20 Mteremko_Tanga

40.

#21 FundiSpoku_254

180. Toa 3 za nafasi ya kukazia kifuniko, ni 177 na hujaweka hata pete moja chini ya stemu. 165 stemu itashika hewa. Mpini haunyooshwi, na haubadilishwi peke yake: umeshindiliwa kwenye taji kiwandani pamoja na bomba za juu. Ukiuhitaji mwingine unanunua nusu ya foku.

Mwambie anayekuuzia akupige video, taa imulike bomba za juu kutoka pande zote, nyuma hasa, kwa sababu huko ndiko bushi zinakolia. Kisha akaze breki, asukume mbele na nyuma, wewe sikiliza taji. Likilia kriii kama mlango wa stoo, wachana nayo.

#22 Mteremko_Tanga

Asante. Niseme ukweli, mwaka jana niliwahi kutuma pesa kwa mtu wa mtandaoni kwa picha peke yake, shokapu ya nyuma ikaja na bomba lililopindwa. Nilitaka kurudia.

#23 Msafiri_Freiburg

Mteremko, angalia ujumbe wa faragha. Kuna jamaa wa hapa mtaani anauza Pike ya 27.5 Boost, mpini 195, nimeenda mwenyewe na tochi, ukucha haujakwama popote. Dada yangu anakuja likizo mwezi ujao. Nitatoa hewa yote, foku italala kwenye sanduku katikati ya nguo za watoto. Fimbo ya 150 na sili nitaagiza huku ije pamoja.

#24 DadaLami

Nangoja mrejesho, usitukimbie kama wale wa nyuzi nyingine.

#25 Mteremko_Tanga

MREJESHO.

Foku ilifika salama, imenukia sabuni ya nguo. Kikombe cha chini FundiSpoku alikituma na basi hadi Arusha, kutoka hapo kikaja Lushoto kwa mtu wa magari ya mboga. Sikuwa na kifaa cha kushindilia vikombe, fundi mchongaji akanikatia boliti ndefu yenye nati na sahani mbili za chuma, tukakaza taratibu huku na huku mpaka kikombe kikakaa bila nafasi. Nyundo haikuguswa.

Mpini niliukata 182, nikabakiza nafasi ya pete moja ndogo. Kabla ya msumeno nilipima mara nne, mke wangu akauliza kama napima jeneza. Bushi ya habu ikaingia kwa mkono. Kipande cha 5 chini ya diski nacho kiliingia, ila skrubu ndefu zilinisumbua: zilizokuja zilikuwa tano na diski inataka sita. Ya sita nimeipata kwenye boksi la vyuma chakavu la fundi wa redio, urefu uleule, nyuzi zilezile. Adapta ya kalipa sikuihitaji, mguu wa Pike hii unapokea diski ya 180 moja kwa moja.

Hewa nilianza na namba ya stika iliyo mguuni. Nikavaa begi na kofia, nikakaa kama nateremka, ile pete ya mpira kwenye bomba ikasogea milimita 24. Nilitaka 30, sehemu ya tano ya mwendo. Nikapunguza hewa kidogo kidogo hadi psi 72. Tokeni moja.

Jana nimeshuka Magamba peke yangu. Kitu cha kwanza nilichokisikia ni ukimya. Ile Lyrik kumbe ilikuwa inagonga kila mzizi kwa sababu ya bushi, na mimi nilizoea nikadhani ndivyo mlima unavyosema. Kwenye ngazi za mawe juu ya shamba la pilipili hoho imezama ikarudi bila kunirusha. Chini nikasimama kuangalia pete: imebakiza milimita 14 kufika mwisho. Miguu yote mikavu, vumbi jekundu tu kwenye sili. Kwenye kupanda mbele pamenyanyuka kidogo kweli, nimesogeza kiti mbele na nimeacha kuliwazia.

Jumla yote, pamoja na kikombe, bushi, fimbo, nauli na zawadi ya dada, milioni moja laki mbili na themanini.

#26 FundiSpoku_254

Safi sana. Ukifika saa 50 za kupanda, fungua miguu ya chini, badilisha mafuta, osha sponji zilizo chini ya sili. Kwa vumbi la huko mimi ningefungua hata kabla.

#27 DadaLami

Nimeshapima shingo yangu. Juu 34, chini 34. Nafungua uzi wangu au niendelee hapahapa?

#28 FundiSpoku_254

Pole dada. Fungua wako, huo utakuwa mrefu.

#29 Kaptula

Mteremko, ile Lyrik ya zamani unauza? Nachukua eksli tu.

#30 Mteremko_Tanga

Umechelewa mkuu. Eksli ndiyo komeo la banda la mbuzi sasa.